Gurudumu la Nane

Yeyote aliye na mtoto anayejifunza kazi ya chuma amsomee haya, hata kama mtoto atakunja uso. Nyawira pia alikunja uso.

Siku yake ya kwanza kazini, mama yake, Wahu, alimsimamisha mlangoni akamkagua kama askari wa lango. Alivuta mikono ya ovaroli aone kama inapwaya. Akamvua bangili. Akamsukumia nywele zote ndani ya kitambaa, hata zile za shingoni.

"Mashine haiulizi wewe ni mtoto wa nani," akasema. "Ukiambiwa simama, simama. Na kitu kama hukijui, sema hukijui. Usione haya."

"Mum, nimesikia. Umeniambia tangu Jumapili."

"Na nitakuambia mpaka Jumapili ingine."

Wahu alikuwa na sababu. Kaka yake aliacha vidole viwili kwenye mashine ya mbao pale Dagoretti Corner, na tangu siku hiyo kila kitu kinachozunguka alikiangalia kwa jicho la kando, hata cherehani. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Alisafisha nyumba za watu kule Parklands, na kila asubuhi alitembea kutoka Riruta hadi kituo cha Dagoretti akapanda treni ya abiria kwenda mjini. Majirani walimuuliza mbona anajitesa na ule mwendo wote. Aliwajibu kwamba treni haijawahi kukwama kwenye foleni ya Ngong Road.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Nyawira alikuwa na miaka ishirini, cheti cha ufundi, na nafasi ya mwaka mmoja ya kujifunza kazi katika karakana ya reli, nyuma ya stesheni ya mjini. Alikuwa ameipitia kwa nje mara nyingi akaona ukuta mrefu na paa la mabati, akadhani ni ghala.

Kumbe alikuwa hajaona kitu. Alipoingia, kwanza miguu ilikataa. Paa lilikuwa juu sana hata ndege walikuwa wakiruka ndani yake na hakuna mtu aliyewashangaa. Mwanga ulishuka kutoka kwenye vioo vyenye vumbi kama unavyoshuka kanisani. Na katikati ya ule mwanga, hewani, palining'inia injini nzima ya treni. Siyo kipande. Injini nzima, na kibanda cha dereva, na taa zake, imenyanyuliwa na winchi mbili, moja mbele na moja nyuma, inapita polepole juu ya vichwa vya mafundi bila kutikisika. Magurudumu yake yalibaki chini relini, yakiwa uchi, kama viatu vilivyoachwa mlangoni.

"Funga mdomo, madam," sauti ikasema kando yake. "Nzi wa hapa ni wa chuma."

Alikuwa kijana mwembamba mwenye ovaroli lililolowa grisi hadi magotini. Aliitwa Norman, naye pia alikuwa mwanagenzi, ila alimtangulia kwa miezi minne na alitaka kila mtu ajue hivyo.

"Inaweza kuanguka?" Nyawira akauliza.

"Ikianguka hutapata nafasi ya kuuliza tena. Twende, Obuya anakungoja."

Obuya alikuwa msimamizi wa upande wa mabehewa, mtu mfupi wa maneno mafupi. Alimpeleka sehemu ya magurudumu, na huko ndiko Nyawira alikoona jambo ambalo jioni alimsimulia mama yake mpaka ugali ukapoa. Magurudumu ya treni huvikwa pete nene ya chuma, nayo ndiyo inayogusa reli. Pete hii hutengenezwa ndogo kidogo kuliko gurudumu lenyewe, ndogo kwa unene wa ukucha tu, kwa hiyo ikiwa ya baridi haiwezi kuingia hata ukiipiga nyundo mwaka mzima. Basi waliilaza chini, wakaizungushia moto wa gesi hadi ikapanuka. Winchi ikaleta gurudumu, ikalishusha ndani ya ile pete taratibu, likatua pasipo kugusa kando. Moto ukazimwa. Mafundi wakarudi nyuma, wakakunja mikono, wakangoja. Chuma kilianza kulia chenyewe, tik, tik, tik, kikipoa na kubana.

"Msumari wameweka wapi?" Nyawira akauliza.

Mzee mmoja aliyekuwa amekalia kigogo akacheka. "Hakuna msumari. Hakuna gundi. Inashikwa na baridi. Hiyo itabeba watu hadi Kisumu irudi, miaka na miaka, na ni baridi tu imeshika."

Huyo alikuwa Mzee Gerishon, mgonga magurudumu. Tangu siku hiyo Nyawira aliwekwa chini yake.

Kazi ya Gerishon, kwa mtu anayeitazama tu, ilikuwa ya kuchekesha. Alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini mrefu. Behewa likimalizwa kukarabatiwa, yeye hupita kando yake, akagonga kila gurudumu mara moja, akasikiliza, akachora alama kwa chaki, akaendelea. Basi. Lakini gurudumu zima hulia. Sauti yake hutoka, ikasimama hewani, ikaondoka polepole kama kengele ya kanisa la mbali. Gurudumu lenye ufa, hata ufa ambao jicho halioni, hutoa sauti iliyokatwa mkia. Hulia, kisha hunyamaza kabla ya wakati wake.

"Hiyo tofauti ni ndogo sana," Gerishon alimwambia. "Ndiyo maana sisi hatunywi chai moto."

Maana karakana ile ilikuwa na kelele usiku na mchana: nyundo za hewa, mashine za kuchonga, winchi. Ilinyamaza mara moja tu katika zamu, saa nne, king'ora cha chai kilipolia. Hapo kila mashine ilizimwa kwa robo saa, na watu wakaenda kwa Kalekye, aliyepika chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa karibu na lango. Robo saa hiyo ndiyo iliyokuwa ya mgonga magurudumu. Wenzake wakinywa, yeye anagonga. Kalekye alimwekea kikombe chake kando, na alipokifikia kilikuwa kimeshika utando. Gerishon alikuwa amekunywa chai baridi miaka ishirini na tisa.

Miezi mitatu Nyawira hakupewa nyundo. Alisikiliza tu. Alianza kusikia mambo hata nyumbani: vifuniko vya sufuria, geti la jirani, vikombe. Wahu alimkuta siku moja akigonga bakuli za udongo moja moja kwa kijiko, ameinamisha kichwa.

"Hii kazi imekupeleka wapi, mtoto wangu?"

"Hii imepasuka, Mum. Sikia."

Wahu hakusikia kitu. Lakini wiki hiyo hiyo, bakuli lile lilimwagia maharagwe ya moto mezani, limegawanyika vipande viwili. Aliokota vile vipande, akamtazama binti yake. Jumapili kanisani aliwaambia akina mama wenzake kwamba Nyawira anasikia ndani ya chuma.

Mwisho wa mwezi wa tatu Gerishon alimfumba macho kwa kitambaa, akagonga magurudumu kumi na mawili. Nyawira akataja mabovu mawili, na yalikuwa hayo hayo. Mzee akatoa chaki mpya mfukoni. Kila mgonga magurudumu alikuwa na alama yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuichora wala kuifuta. Ya Gerishon ilikuwa msalaba ndani ya duara. Nyawira alichagua sikio dogo.

"Sasa sikiliza," Gerishon akasema. "Chaki ikigusa gurudumu, umeapa. Obuya hatauliza tena. Dereva hatauliza. Abiria hajui hata kama uko duniani. Ukichora, yote yameisha."

"Nimeelewa, mzee."

"Sijui kama umeelewa. Ngoja tuone."

Julai ikaja na baridi yake, ile ya mawingu yanayokaa juu ya Nairobi wiki nzima bila kunyesha wala kuondoka. Baridi ya sakafu ya saruji ilipenya hadi kwenye mifupa. Alhamisi moja Gerishon alienda Murang'a kumzika shemeji yake. Alimwachia Nyawira nyundo. "Nyundo naweza kukuachia," alisema. "Sikio langu siwezi. Tumia lako."

Siku hiyo palikuwa na behewa moja tu la kugongwa, behewa la abiria lililokaa karakana miezi miwili. Lilikuwa limepakwa rangi upya na viti vimeshonwa, na lilitakiwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Kikuyu, ile inayopita Dagoretti, siku iliyofuata. Obuya alikuwa amelipitia mara tatu tangu saa mbili. "Saa tano liwe limetoka hapa," alisema. "Magurudumu nane tu. Usinicheleweshe."

King'ora kikalia. Mashine zikazimwa moja moja. Nyawira alichukua nyundo, akapita karibu na meza ya Kalekye, na hapo harufu ya tangawizi ikamkamata.

"Mama Chai Baridi!" Norman akamwita kwa jina alilombandika. Alikuwa amekumbatia kikombe kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni. "Leo mzee hayuko. Utakufa na baridi kwa sababu ya sheria ya watu wa zamani? Kunywa kikombe kimoja. Magurudumu hayana miguu ya kukimbia."

"Yana nini sasa, kama hayakimbii?" fundi mwingine akadakia, watu wakacheka.

Nyawira naye akacheka. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hadi hakuvisikia kwenye mpini. Magurudumu nane, akajiambia, ni dakika sita. Akakaa. Kalekye akammiminia, akamwongezea na mandazi. Ile chai ilishuka kama blanketi. Norman akaanza hadithi ya fundi aliyejifungia ndani ya tangi la maji, na hadithi ya Norman ilikuwa haikatiki katikati.

Aliposhtuka, dakika tisa zilikuwa zimepita.

Alikimbia. Akahakikisha breki zimelegezwa, maana breki ikigusa gurudumu huua sauti. Akagonga la kwanza, likaimba. La pili, la tatu, la nne, yote yakaimba, akachora sikio kwenye kila moja. Akazunguka upande wa pili. La tano. La sita. La saba. Akainua nyundo kwa la nane, gurudumu la zamani lililochongwa upya, na nyundo ilipotua, king'ora kikalia.

Sauti ya gurudumu ilitoka, akaisikia ikitoka. Jinsi ilivyoondoka hakusikia. Akagonga tena, lakini nyundo za hewa zilikuwa zimeshaanza upande wa pili, na mashine ya kuchonga nyuma yake. Akagonga mara ya tatu, akaweka sikio karibu kabisa. Kelele tupu.

"Vipi?" Obuya alikuwa amesimama juu yake, saa mkononi.

Na hapa ndipo penye neno la kuogopesha. Nyawira hakudanganya kwa ubaya. Aliona haya. Kusema "sikusikia" kungekuwa kusema kwamba alikaa akanywa chai. Tena saba yote yalikuwa mazima, na hata la nane lilianza vizuri. Mkono wake ukachora sikio dogo jeupe, ukalichora vizuri kuliko yote.

"Liko sawa," akasema.

Saa tano behewa likavutwa nje.

Jioni jua lilikuwa bado halijazama alipofika Riruta. Wahu alikuwa uani anaanua nguo, na uso wake uling'aa hata kabla ya salamu.

"Karani wa kituo ametuambia behewa letu linarudi kesho! Lile mlilokuwa mnatengeneza. Nimewaambia watu wote, magurudumu yake yamegongwa na binti yangu. Mama Shem amesema yeye na watoto wake watapanda hilo hilo, halafu na wale wa—"

"Mum, kesho panda matatu."

Wahu alishusha nguo. "Kwa nini?"

"Panda tu matatu. Kesho peke yake."

"Nyawira. Kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, baridi, chai, king'ora, sikio la chaki, huku akiangalia beseni. Wakati wote Wahu aliogopa mashine itamla mtoto wake. Hata siku moja hakuwaza kwamba mtoto wake anaweza kuwa upande wa mashine.

"Kwa hivyo mimi nipande matatu," akasema mwishowe, polepole. "Na Mama Shem?"

Nyawira akaokota nguo beseni, akaanza kuikunja.

"Na watoto wake? Na yule mzee wa mbogamboga anayepanda nasi? Utawaambia nani na nani, mtoto wangu? Utasimama kituoni umwambie kila mtu?" Akamtupia sweta. "Vaa. Twende kwa simu."

"Watanifukuza, Mum."

"Wakufukuze. Utauza nyanya. Twende."

Walienda mbio hadi kwenye simu ya jamii iliyokuwa kwenye kibanda barabarani, Naivasha Road. Wahu aliweka sarafu zote alizokuwa nazo juu ya kaunta. Simu ya Obuya iliita mara sita.

"Ni Nyawira, bosi. Gurudumu la nane. La behewa la leo."

"Limefanya nini?"

"Sijui."

"Unasema hujui? Uliweka alama ama hukuweka?"

"Niliweka. Lakini sikusikia. King'ora kililia, nikaweka tu."

Mwenye kibanda akaangalia mita. Kisha Obuya akasema, bila kupaza sauti, "Kesho saa mbili uje," akakata.

Asubuhi Wahu hakwenda Parklands. Alimsindikiza binti yake hadi lango la karakana, na mlinzi, akimwona alivyosimama, akamruhusu aketi kwenye benchi la Kalekye. Behewa lilikuwa limerudishwa ndani usiku ule ule. Rangi yake mpya ilikuwa inametameta. Mzee Gerishon alikuwa amefika kutoka Murang'a na basi la kwanza, bado amevaa koti la mazishi. Hakumsalimu Nyawira. Alimkabidhi nyundo tu.

Obuya alipanda juu ya sanduku. "Zimeni!" akapaza sauti. "Zote!"

Ilikuwa saa mbili na robo. Haikuwa saa ya chai. Mafundi waliangaliana, kisha mashine ya kwanza ikazimwa, ya pili, ya kumi. Nyundo za hewa zikakoma. Winchi ikasimama na mzigo wake hewani. Watu karibu mia mbili walisimama pale walipokuwa, vifaa mikononi, na kimya kikashuka kutoka kwenye lile paa refu kama kitu chenye uzito. Ndege walisikika. Hata Wahu pale langoni alizuia pumzi, na hajui mpaka leo kwa nini alivua kitambaa kichwani.

Nyawira akagonga.

Sauti ilitoka nzuri, safi. Ikapanda. Norman akaanza kutabasamu. Kisha ikaisha. Kwa masikio ya watu wengi iliisha kama sauti yoyote inavyoisha. Mafundi wakaanza kujinyoosha, na mmoja akasema, "Si iko sawa tu?"

Gerishon alikunja mikono. Alimwangalia Nyawira, na ilionekana wazi kwamba hatamsaidia.

"Imekatwa," Nyawira akasema. "Imekatwa mkia."

Wakaleta mafuta ya taa. Wakalipaka gurudumu, wakangoja yanyonyeke, wakalipangusa kwa kitambaa hadi likakauka kabisa. Kisha Gerishon akasaga chaki, akaipaka juu yote, gurudumu likawa jeupe kama ukuta wa kanisa. Hakuna aliyerudi kwenye mashine yake. Walisogea mmoja mmoja wakafanya duara, na Norman mbele yao, na Wahu akawa amejipenyeza hadi nyuma yake bila kuzuiwa na mtu.

Dakika mbili hakuna kilichotokea. Halafu, kwenye ule weupe, pakatokea nukta ya unyevu. Ikarefuka. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalirudi nje taratibu, yakachora yenyewe mstari mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni, ukipinda, ukienda ndani, ukipita pale pale lilipokuwa sikio dogo la jana. Mtu mzima alisikika akisema "Yesu," kwa sauti ya chini, wala haikuwa laana. Norman alivua kofia.

Wahu alitazama ule mstari ukikua. Alikuwa ameona mengi ya kuogopesha maishani, na mengi yalikuja na kelele. Hili lilikuja kimya, jembamba, polepole, likiandika.

Obuya alimvuta Nyawira kando. Hakumfukuza. Alisema aliyepiga simu amemwokoa aliyechora, na kwamba wangekuwa watu wawili tofauti, mmoja angekuwa nje ya lango sasa hivi. Kisha akanyoosha mkono. Nyawira akatoa chaki mfukoni akampa. Ilikuwa bado ndefu.

Hakurudishiwa hadi Januari. Miezi yote hiyo aligonga na Gerishon akachora, na mara mbili alisema mbele ya watu, "Sikusikia, narudia kesho," Obuya akaguna, behewa likalala. Norman aliacha kumwita Mama Chai Baridi. Siku moja ya baridi yeye mwenyewe alichukua kikombe cha Nyawira kwa Kalekye, akakifunika kwa kisahani, akakiweka kwenye dirisha la karibu na magurudumu.

Behewa lenyewe lilirudi relini wiki mbili tu baada ya asubuhi ile, likiwa na gurudumu jingine. Wahu alilipanda siku ile ile, yeye na Mama Shem na wale watoto. Kabla ya kuingia aliinama pale kituoni, mkoba begani, akatafuta kwenye gurudumu mpaka akaona msalaba ndani ya duara. Watu nyuma yake walilalamika anazuia njia. Hakuinuka mpaka aliporidhika.

Na saa nne ya siku hiyo hiyo king'ora kikalia, mashine zikazimwa, na binti yake akainua nyundo kwenye behewa jingine. Akagonga. Akainamisha kichwa, akaisindikiza sauti hadi ilipotokomea kabisa juu kwenye mabati, walipo ndege. Kisha akaenda kwa la pili. Chai ilimngoja dirishani ikishika utando, na alipoifikia, aliinywa yote.